Kimo Chake Kilikuwa Futi Tano na Inchi Sita

Mara nyingi katika vikundi vyetu tunasikia kijana akisema, "Mimi walinikataa, basi." Katika somo hili tumwangalie mchezaji mmoja wa mbali, Michael Clemons, ambaye naye alikataliwa.

Alikotoka

Alizaliwa mwaka 1965, akakulia mji wa Dunedin, Florida, Marekani, akilelewa na mama peke yake. Alisoma na kucheza mpira katika chuo cha William and Mary, jimbo la Virginia. Mwaka 1987 timu ya Kansas City Chiefs ilimchukua katika raundi ya nane, yaani wengi walichaguliwa mbele yake. Mchezo huo wa Marekani ni wa majitu, na yeye alikuwa na futi tano na inchi sita tu. Alicheza mechi chache, kazi ikaisha.

Mlango mwingine

Mwaka 1989 alivuka mpaka, akajiunga na Toronto Argonauts ya Kanada. Mpira wa huko unafanana na ule wa Marekani: una umbo la yai na hubebwa mikononi kama raga. Lakini sheria ni tofauti. Wachezaji ni 12 kila upande, si 11. Uwanja ni mpana zaidi. Timu hupewa nafasi tatu, si nne, za kusogeza mpira yadi kumi, kwa hivyo mara nyingi hulazimika kuupiga teke. Na anayeudaka hawezi kuinua mkono ili aachwe salama, kama Marekani. Lazima mpira uchezwe!

Kumbe hapo mtu mdogo mwepesi ana thamani kubwa. Kocha wake alimwita "Pinball", kile kigololi cha chuma cha mashine ya mchezo, kinachogonga huku na kurukia kule. Mwaka 1990 alisogeza mpira jumla ya yadi 3,300, rekodi ya ligi wakati huo, akawa mchezaji bora wa mwaka. Alitwaa kombe la Grey Cup mwaka 1991, 1996 na 1997.

Baada ya kutundika njumu

Aliacha kucheza mwaka 2000, akawa kocha wa timu ile ile. Mwaka 2004 alikuwa kocha mkuu mweusi wa kwanza kushinda Grey Cup. Mwaka 2007 alianzisha wakfu wa kusaidia vijana. Mwaka 2022 na 2024 timu ilishinda tena, yeye akiwa meneja mkuu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, Clemons hakurefuka hata inchi moja. Alienda mahali ambapo alichokuwa nacho kilihitajika. Tusidanganyane: si kila aliyekataliwa atapata Toronto yake. Lakini kukataliwa mahali pamoja si kukataliwa kila mahali.

Pili, miguu huchoka. Sisi sote tunawajua wachezaji wa hapa nyumbani walioshangiliwa jana, na leo hawana la kushika. Kijana mwenye kipaji asiache masomo.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nani kijijini kwetu tuliyemwambia hafai? Tulimpima kwa kipimo gani?
2. Kazi gani hapa inahitaji kile alicho nacho?
3. Nguvu zake zikiisha, atashika nini?