Mzoeze Mbwa Wako Kushikwa

Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa mtu, hapana dawa ya kumponya. Kinga ni kumchanja mbwa. Lakini siku ya chanjo tunaona wengine wanarudi bure: mbwa kakata kamba, kakimbia! Amezoea kwamba mkono wa mtu ni fimbo.

Basi tuanze angali mdogo. Mwite jina. Akija, mpe papo hapo dagaa mmoja au tonge la ugali. Ukichelewa, hajui anapewa kwa sababu gani. Akizoea, mguse shingo, mpe. Halafu mfunge kamba, mpe. Dakika 5 kwa siku zatosha. Akikataa, mwache, usimpige. Watoto nao waambieni, maana mara nyingi ndio wampelekao.

Akifikisha miezi 3, mpeleke kwa bwana mifugo. Dagaa usisahau mfukoni.