SADAKA YA CHAKULA NA HAKI YA MWENYE NJAA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na ali zake na sahaba zake. Ama baad: somo hili ni juu ya chakula apewacho mwenye njaa: kiwe cha namna gani, na ni lini kukitoa ni wajibu wala si hiari.

ASILI YA SOMO

Imamu Tirmidhi amepokea kwa al-Baraa bin Azib (R.A.) khabari ya Ansari wa Madina, waliokuwa wenye mitende. Kila mtu alileta kwa kadiri ya mali yake kichala kimoja au viwili vya tende, akavitundika msikitini. Na Ahlu Suffa, mafakiri wasio na chakula, mmoja wao akishikwa na njaa alikipiga kichala kwa fimbo, tende zikaanguka, akala. Wakawako watu wasiopenda kheri, wakatundika tende mbovu na vichala vilivyovunjika. Ndipo ikashuka Aya ya 267 ya Sura al-Baqara, kuwakataza waumini wasikusudie kutoa kibaya ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Tangu hapo kila mtu akaleta kilicho chema.

HALI YA SOKONI

Hukumu hii yawahusu sana watu wa Dar es Salaam. Kariakoo imeitwa hivyo kwa jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918. Watu hao walibeba chakula cha askari, na wao wenyewe wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Hata leo yashuka hapo machungwa ya Muheza, viazi vya Mbeya na nyanya za Iringa, na huenda aliyeyashusha tangu alfajiri hajatia kitu tumboni.

Sasa mwenye tenga la nyanya huliona asubuhi ni zima, adhuhuri limelainika, na magharibi limeoza. Hapo humwita maskini, akasema: nimetoa sadaka. Na ajue kwamba kilicholainika, nacho chafaa kuliwa, kukitoa ni bora kuliko kukitupa. Ama kilichooza chenye kumdhuru mlaji, kumlisha mtu ni haramu, na thawabu hapana. Aliye mwerevu hutenga fungu la maskini asubuhi, kabla hajajua lipi litauzika.

MASALA YA KWANZA: ZAKATI

Zakati ya Fitri ni saa moja kwa kila kichwa, yapata kilo 2 na nusu, ya chakula kikuu cha mji, kama vile mchele. Katika madhhabi ya Imamu Shafii nafaka iliyobunguliwa na wadudu haitoshi, wala unga hautoshi, wala thamani yake kwa fedha. Basi mwenye duka asifagie sakafu ya ghala yake akadhani ametoa fardhi.

MASALA YA PILI: ALIYEFIKWA NA DHARURA

Mtu akichelea kufa kwa njaa, mwenye chakula kilichozidi haja yake ni wajibu ampe. Akiwa mwenye njaa anayo fedha, yajuzu kumtaka thamani ya kadiri. Na akiwa hanayo hapo, ampe kwa deni. Walakini kumzuilia mpaka afe, hilo halijuzu.

MASALA YA TATU: FARDHI KIFAYA

Maulamaa wa Kishafii, naye Imamu Nawawi ni katika wao, wamehesabu kumlisha mwenye njaa na kumvika aliye uchi katika fardhi za kifaya, ikiwa zakati na baiti lmali hazikutosha. Wakilifanya baadhi ya watu, wengine wameokoka. Wakiliacha wote, wenye uwezo wote wamepata dhambi. Kwa hiyo kijana anayejitolea kupakua chakula cha futari au kusukuma mkokoteni wa sadaka amewaondolea mtaa mzima dhambi. Asidharauliwe.

MASALA YA NNE: KULIMA

Imamu Nawawi ameifadhilisha kazi ya mkono, na kilimo ndicho bora yake, kwani faida yake huwafikia watu na wanyama na ndege. Watu wa mji huu hawakuwa mbali nacho: mwaka 1974 na 1975, mvua zilipokosekana, nchi nzima ilihimizwa katika Kilimo cha Kufa na Kupona. Mahindi na mpunga vikifika wasaki tano vina zakati: moja katika kumi kwa kilichonyweshwa na mvua, na nusu ya hiyo kwa kilichomwagiliwa kwa gharama. Mchicha na matembele ya bonde la Msimbazi hayana zakati ya mazao. Basi fungu atoalo mkulima kumpa jirani ni sadaka ya hiari. Wala asiyamwagilie kwa maji ya uchafu wenye kudhuru, akamlisha jirani maradhi.

KHATIMA

Kila atoaye na ajiulize suali moja: lau chakula hiki kingewekwa mbele yangu nami nina njaa, ningekipokea bila ya kufumba macho? Ikiwa ndiyo, akitoe. Ikiwa siyo, atafute kilicho chema. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.