Kufundisha Asilimia kwa Kulinganisha Nchi Mbili

Mwanafunzi hajaelewa asilimia mpaka ajue kuuliza: ni asilimia ya kitu gani? Tuchukue mfano. Mwaka 2022, katika kila tani 100 za hewa ukaa iliyotokana na viwanda na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi duniani, China ilitoa tani 31 hivi, Marekani, 14. Wanafunzi wachore mafungu hayo ubaoni. Kisha tuwaeleze kwamba watu wa China ni zaidi ya mara nne ya wale wa Marekani. Tukigawa jumla ya kila nchi kwa idadi ya watu wake, fungu la Mmarekani mmoja ni tani 15 hivi, la Mchina 8. Mwalimu atoaye hesabu moja tu huwazoeza watoto kuhukumu kabla ya kupima. Basi tuwape zote mbili, wajadiliane.