Kukimbia, Kukimbiza na Kukimbilia: Somo la Kuku Aliyetoroka



Somo la leo limetoka kwa mwanafunzi wa darasa la kati. Jumamosi iliyopita alifika uso umemshuka, akaniambia, "Mwalimu, asubuhi kuku wetu alitoka, tukamkimbia, sasa hayupo." Wenzake wawili watatu wakacheka. Kumkimbia kuku maana yake kuku alikuwa nyuma na ninyi mbele, mnaokoa maisha yenu! Alitaka kusema "tukamkimbiza". Tofauti ni herufi moja tu.

Kukimbia ni kwenda mbio, lakini ukimkimbia mtu, unamtoroka. Kukimbiza ni kumfanya mwingine akimbie. Kukimbilia ni kwenda mbio kuelekea mahali, mara nyingi mahali pa usalama. Kuku anamkimbia mbwa. Mbwa anamkimbiza kuku. Kuku anakimbilia bandani. Zisomeni sentensi hizo kwa sauti, mtoto na mzazi.

Sasa tazameni jinsi sarufi inavyotufundisha ufugaji. Mkimkimbiza kuku, atawakimbia. Hatakimbilia kwenu, hata kama ni ninyi mnaomlisha kila siku, kwa sababu wakati huo anaona miguu mingi na mikono mirefu tu. Atajipenyeza chini ya kibanda cha jirani au atatoka barabarani kwenye magari. Mkimwona anahema mdomo wazi, mabawa yametengana na mwili, ameshachoka sana. Mwacheni apumue. Mimi ni muuguzi wa watu, si wa kuku, lakini kuhema ni kuhema.

Basi kwanza simameni. Mtu mmoja amwangalie kwa mbali asipotee machoni, mwingine akafungue mlango wa banda. Kama kuna kuku wengine, wabaki ndani na wamwagiwe chakula humo. Watachakura na kudonoa, na aliyetoka atawasikia. Kuku hapendi kuwa peke yake.

Mwiteni kwa sauti aliyoizoea. Kwetu mama yangu aliita "kuru kuru kuru", na mwalimu wa darasa la wadogo anasema kwao ni "ti ti ti". Kuku hachagui lahaja, anachotaka ni mazoea: sauti ile ile, kopo lile lile la nafaka likitikiswa, kila siku kabla ya kulishwa. Kuku aliyezaliwa Uingereza akizoezwa hivyo ataitika kwa Kiswahili, pengine upesi kuliko baadhi ya watoto wetu wakiitwa kula.

Hapa wazazi nawaomba msikilize. Nyumbani tulimwaga ukoko wa ugali na mabaki ya wali. Hapa Uingereza sheria inakataza kumlisha kuku chakula kilichopita jikoni, hata maganda ya mboga, isipokuwa nyumba ambayo haitumii kabisa nyama, maziwa, mayai wala kitu chochote kitokacho kwa mnyama. Sababu ni kuzuia magonjwa ya mifugo. Kwa hiyo mshawishini kwa mahindi au ngano kutoka kwenye mfuko wa chakula cha kuku. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024, katika England na Wales, anayefuga kuku hata mmoja lazima awe amemwandikisha serikalini. Ni bure, na kukiwa na homa ya mafua ya ndege mtapata taarifa, maana wakati mwingine huamriwa kuku wote wafungiwe ndani.

Akiwa bustani ya jirani, msiruke uzio. Piga hodi. Jirani hatajibu "karibu" kama kwetu, lakini mtu aliyeombwa kwa adabu huwa msaidizi, na aliyekuta watoto wanne wamekanyaga maua yake huwa kitu kingine.

Ikiwa yote hayo hayakufaa, subirini jua lizame. Hili ndilo jambo kubwa la somo zima. Kuku haoni vizuri gizani na yeye mwenyewe anajua. Mwanga ukianza kupungua, anayelijua banda lake hulirudia bila kuitwa, akapanda kwenye ufito wa kulalia. Kuku wa mwanafunzi wetu alipatikana hivyo. Nilimwambia mama yake aache banda wazi na watoto wakae ndani ya nyumba. Magharibi kuku akatokea, akasimama juu ya uzio, akashindwa kuamua, na baba akamnyanyua polepole.

Lakini saa hiyo hiyo mbweha naye anaamka. Kwa hiyo kusubiri si kwenda kutazama televisheni. Mtu mzima awe karibu, na kuku akiingia tu, mlango ufungwe na komeo liwekwe. Angalieni pia majira. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, humkosei. London, Juni, huzama saa tatu na dakika ishirini hivi usiku, na katikati ya Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Mtoto anayetoka shule saa tisa na nusu hana hata nusu saa ya kumtafuta. Jumapili ya mwisho ya Oktoba sisi tunarudisha saa nyuma, ila kuku hana habari.

Giza likiingia kabla hajarudi, mtafuteni juu: kwenye matawi, juu ya uzio, juu ya kibanda. Usiku hutulia na hushikika kwa urahisi. Tumieni tochi ya mwanga mdogo. Mikono miwili juu ya mabawa, yabanwe mwilini, kisha mpakateni kifuani. Msimbebe miguu juu kichwa chini kama sokoni, anaumia. Mkaguweni kama ana jeraha, mpeni maji, halafu nawani mikono kwa sabuni. Kuku mzima wa afya anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, kwa hiyo wadogo wasimbusu, hata kwa furaha ya kumpata.

Neno moja kuhusu kuku mpya. Methali yetu inasema "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Kwetu kuku aliyenunuliwa au aliyeletwa zawadi alifungwa kamba mguuni siku kadhaa mpaka alizoee boma jipya. Sisi wazazi tuliofika huku wakubwa tunaielewa methali hiyo kuliko watoto wetu. Hapa kamba si lazima: mfungieni ndani ya banda kama wiki moja. Asiyelijua banda hana pa kukimbilia, na jua likizama atalala popote.

Zoezi la Jumamosi ijayo. Andikeni sentensi sita, mbili kwa kila neno: kukimbia, kukimbiza, kukimbilia. Kisha mpigieni simu bibi au babu, mumsalimie kwanza, mumuulize kwao kuku waliitwaje wakati wa kulishwa. Njooni na mlio huo midomoni. Tutauandika ubaoni pamoja na jina la mji wake.