Dada, Tununue Hema Gani?

Wadogo zangu mlioko Uholanzi, likizo ya kiangazi inakaribia na karibu kila ujumbe ninaopata unauliza jambo moja. Watoto wamerudi kutoka shuleni wanasema wenzao wote wanakwenda kempingi, huyu Texel, yule Zeeland, mwingine kwenye misitu ya Veluwe, na wao wanataka. Baba watoto ameona hema la watu sita limeshushwa bei hadi euro 199. Mama roho inasita. Dada, tulichukue?

Bado, mpenzi. Kwanza niambie utalianika wapi.

Naanzia hapo kwa sababu hema zuri la familia la Kiholanzi, lile ambalo watu hununua mtoto wa kwanza akiwa anatambaa na bado wanalo mtoto huyo anapoanza chuo, limeshonwa kwa pamba. Pamba ikikunjwa mbichi na kukaa kwenye mfuko wake siku mbili tatu za joto, inaota ukungu. Yale madoa meusi hayatoki tena, na kitambaa kinaanza kuoza taratibu. Ukiwa na bustani, gereji, au chumba cha juu chenye nafasi ya kutandaza, endelea kusoma kuhusu pamba. Kama unaishi ghorofa ya nne, huna roshani na stoo yako ya chini imejaa baiskeli, tafuta poliesta nzuri na usijione umepungukiwa kitu. Nimeona fedha nyingi za familia zikiozea stoo kwa sababu tu hakuna aliyeuliza swali hili mapema.

Sasa, kwa nini naitetea pamba? Inapumua. Watu watano wakilala chini ya paa moja, pumzi na jasho lao usiku kucha ni maji. Kwenye poliesta maji hayo hayana pa kutokea; yanajikusanya upande wa ndani wa kitambaa, na alfajiri yanawadondokea usoni mkidhani hema linavuja. Pamba huyapitisha yakaenda zake. Jua likipanda, chini ya pamba nzito mnapata kivuli cha kweli, wakati kwenye poliesta nyembamba saa mbili asubuhi watoto wameshatoka wenyewe kwa fukuto. Na mvua ikija, nyuzi za pamba zikilowa hunenepa na kubanana, vile vitundu vya kati vikazibika. Kitambaa chenyewe kinajifunga.

Ndiyo maana nasema msitishwe na ile namba ya milimita kwenye lebo. Ni kipimo cha kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla hayajapenya. Kwa poliesta ina maana kubwa: juu tafuta 3,000 na kuendelea, na sakafu iwe zaidi ya hapo, maana goti la mtoto anayecheza hukandamiza sakafu na maji ya ardhini yakapenya juu. Kwa pamba namba hiyo huwa ndogo, na muuzaji asiyeijua kazi yake ataitumia kukuhamishia kwenye poliesta. Kwa pamba, muulize uzito. Kitambaa cha gramu 300 hivi kwa mita ya mraba ni kitambaa cha kazi. Kuna pia mchanganyiko wa pamba na poliesta, ambao ni mwepesi kidogo na hauozi upesi kama pamba tupu. Kwa familia nyingi ninazozifahamu, mchanganyiko huo ndio unaofaa.

Ukiingia dukani, tumia mkono wako. Bibi zetu wa pwani walivaa kanga zilizotoka viwanda vya Uholanzi. Vlisco ya Helmond, kampuni iliyoanza mwaka 1846, ni miongoni mwa waliozitengeneza kwa soko letu. Jinsi unavyoifikicha kanga kabla ya kulipa ili ujue kama ni pamba au ni wanga tu uliopakwa, ndivyo ulifikiche na hema. Kitambaa kizuri kimefumwa kwa kubana, kina uzito mkononi, na ukikiachia hakibaki na mikunjo kama karatasi. Uliza kimefumwa wapi. Ukisikia jina la Ten Cate, kampuni yenye asili yake Twente, mashariki ya nchi, ambayo vitambaa vyake vya mahema vilifumwa Nijverdal, hiyo ni dalili njema. Ni jina ambalo washonaji mahema wanaliheshimu.

Kwa upande wa washonaji wenyewe, De Waard ndio wanaotajwa kwanza kwenye kempingi za Waholanzi. Ni mahema ya pamba yenye kuta zinazoteremka kutoka juu, na yamepewa majina ya ndege: Albatros, Zilvermeeuw na wengineo. ESVO nao ni wa pamba na wana wapenzi wao. Karsten wameshika njia nyingine: badala ya nguzo kuna mirija ya hewa, unapiga pampu hema linasimama, jambo ambalo mama aliye peke yake na watoto atalishukuru sana. Ila jueni kwamba chapa kuwa ya Kiholanzi si lazima hema liwe limeshonwa Uholanzi. Kampuni nyingi zimepeleka ushonaji nchi nyingine. Si dhambi, lakini kama unalipa bei ya kazi ya hapa, uliza waziwazi, na uulize pia kama wanatengeneza zipu iliyokatika na kubadilisha kipande kilichochanika. Jibu la swali hilo la pili lina thamani kuliko udhamini wowote ulioandikwa kwenye boksi.

Bei? Hema jipya la pamba la familia kutoka kwa washonaji hawa linaweza kupita euro 2,000 kwa urahisi. Najua mmeshtuka. Kwa hiyo nawapeleka kule ambako sisi hatuhitaji kufundishwa: mitumba. Waholanzi hutunza mahema yao, na watoto wakikua huyauza, mengi kupitia Marktplaats. Tafuta mwezi wa Oktoba au Novemba, wakati hakuna anayewaza kempingi. Mwezi Mei kila mtu analitaka hema na bei inapanda.

Lakini usinunue hema lililokunjwa. Mwombe mwenyewe alisimamishe bustani kwake, na ukifika, hata kabla ya kusalimiana sana, ingia ndani uvute pumzi. Harufu ya shimo lenye unyevu ni ukungu, hata kama macho hayauoni. Waambie wakufungie mlango, usimame humo mchana, uangalie juu: vitundu vyovyote vitaonekana kama nyota. Kisha piga magoti nje utazame ule ukanda wa chini unaogusana na udongo, kwa sababu kuoza huanzia hapo. Ukubane kwa vidole viwili na uuvute kwa upole. Kitambaa kizima hukataa. Kilicholiwa na jua au unyevu hukatika kama karatasi ya zamani. Baada ya hapo geuza mshono mmoja wa paani uutazame kwa karibu. Kwenye kazi ya kweli, vipande viwili vya kitambaa vimekunjwa kimoja ndani ya kingine na kushonwa mistari miwili, hivyo uzi haubebi mzigo peke yake na maji hayana njia ya moja kwa moja. Tazama pale ncha ya nguzo inaposukuma kitambaa, na pale kamba zinapofungwa: lazima pawe na kiraka cha kuongeza nguvu, ngozi au kitambaa kizito. Fungua na kufunga zipu zote, kila moja, hadi mwisho. Hesabu nguzo. Mwenye hema atakuona msumbufu, mwache akuone.

Madoa machache ya ukungu pembeni yasikutishe kama kitambaa bado ni imara. Tumia hayo kushusha bei. Kama amelifua kwa sabuni, ondoka. Sabuni huondoa dawa inayozuia maji.

Ukubwa nitaupitia haraka. Hema la watu sita maana yake ni magodoro sita yaliyobanana, bila begi, bila kiti, bila mtoto anayejigeuza usiku. Mkiwa wanne, chukua la sita. Pima sehemu ya kulala: angalau sentimita 70 kwa kila mtu mzima, na urefu uzidi mita 2, hasa kama baba watoto ni mrefu. Na kabla ya kulipa, kumbuka hema la pamba la familia na nguzo zake hufika kilo 30 na zaidi. Gari lenu lina nafasi? Kama mnasafiri kwa treni, pamba tuiache.

Kitu ambacho wengi wetu hatukitegemei hapa ni upepo. Mvua mmeshaizoea, lakini upepo wa visiwa vya Vlieland na Terschelling hauna mchezo, na ndio unaovunja mahema ya bei rahisi, yale yenye vijiti vyembamba vya faiba. Kuta zinazoteremka huupitisha upepo juu. Ukuta uliosimama wima huupokea kifuani. Mara nyingi hapa unavuma kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo geuzeni mlango upande mwingine. Na vile vigingi vinavyokuja na hema, vingi ni vya kuonyeshea tu. Kwa mchanga wa visiwani na Veluwe nunua vipana na virefu. Mkienda kusini mwa Ufaransa kwenye ardhi ya mawe, nunua vya chuma na nyundo ya maana.

Hema jipya la pamba msilipeleke safari moja kwa moja. Lisimamishe siku ya mvua, au limwagilie kwa mpira wa bustani, liloe kabisa, likauke kabisa, kisha rudia. Matundu ya sindano kwenye mishono hujifunga kwa namna hiyo, uzi ukishanenepa. Matone machache ya mara ya kwanza ni kawaida, usikimbilie kulirudisha dukani. Pamba ikilowa husinyaa pia, kwa hiyo legeza kamba kidogo usiku wa mvua. Mkilazimika kulikunja likiwa bichi siku ya kurudi, liwe la kwanza kutolewa garini mkifika nyumbani, kabla ya nguo na hata kabla ya chai.

Na hili nasema kwa ukali kwa sababu nawapenda: jiko la mkaa haliingii hemani. Hata moto ukiwa umeshakufa, hata ikiwa baridi na mtoto anatetemeka. Makaa yaliyofifia bado yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na watu wanalala wasiamke. Nyama choma ifanyike nje na jiko lilale nje.

Mwisho, kuna barua ya mdogo wangu mmoja ambayo imekaa nami. Anasema amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mwanawe wa miaka tisa anamlilia hema. Anaona aibu kumwambia mtoto kwamba yeye turubai halitaki tena maishani mwake. Mdogo wangu, usione aibu hata kidogo, na usijilazimishe. Mtoto anaona mchezo na marshimelo. Wewe unaona miaka ya utoto wako, na wote wawili mko sawa. Kempingi nyingi hapa hukodisha vibanda vidogo vya mbao vyenye vitanda na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Chukua kibanda, watoto na baba yao wasimamishe hema pembeni, mle pamoja, mcheze pamoja, na usiku kila mtu alale anapopata usingizi. Ukiweza kumweleza mtoto kidogo kwa nini, kwa kiasi chake, mweleze. Wa miaka tisa anaelewa kuliko tunavyodhani. Usipoweza mwaka huu, mwambie tu mama analala kibandani. Piga simu mapema, mwezi wa Februari ukiweza, uulize kama kibanda na kiwanja cha hema vinaweza kuwa jirani, kwa sababu vibanda hivyo ni vichache na hujaa kwanza.