Sarafu ya Kale Sandukuni: Vidokezo 10 vya Kujua Thamani Yake Kabla Hujaiuza

Tanga mjini, Pangani, Muheza na vijiji vya pwani yote hii, bado zipo nyumba ambamo sanduku la bibi lina sarafu za zamani: rupia za fedha za enzi ya Mjerumani, reale nzito za Maria Theresa na, kwa nadra sana, kipande cha dhahabu. Nyingi huishia kwa sonara, zikapimwa kwa gramu na kuyeyushwa siku hiyohiyo. Hasara hiyo inauma, maana sarafu ya namna hii ina bei mbili: bei ya madini yaliyomo, na bei ambayo mkusanyaji yuko tayari kutoa. Mizani ya sonara inaijua ile ya kwanza tu. Vidokezo hivi vitakusaidia kuijua na ya pili.

1. Usiisugue

Weka kando majivu, ndimu, dawa ya meno na kitambaa kikavu. Weusi unaoifunika fedha ya miaka mingi haupunguzi thamani, lakini mikwaruzo ya kusugua inaipunguza sana na haiondoki tena. Ikiwa ina mchanga, isuuze kwa maji safi, iache ikauke yenyewe, kisha iweke peke yake kwenye karatasi laini. Unapoishika, ishike kwenye ukingo.

2. Itambue kwa sura na maandishi

Chukua kioo cha kukuzia usome kila herufi. Rupia yenye Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma yenye tai upande mmoja, na simba chini ya mnazi upande wa pili, ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile iliyojiweka Pangani na kuzusha vita vya Abushiri mwaka 1888. Rupia hizo za Kampuni zilitolewa kuanzia 1890 hadi 1902. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ilitoa zake, zenye maneno DEUTSCH OSTAFRIKA ndani ya shada la majani. Herufi ndogo A inaonyesha ilipigwa Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora. Ukiona maandishi ya Kiarabu na mwaka 1299 wa Hijria, huenda umeshika riyal ya Sayyid Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1882. Hiyo isitoke mkononi mwako kwa pupa.

3. Anza na bei ya madini

Hii ndiyo sakafu, na usikubali kushuka chini yake. Zidisha uzito kwa kiwango cha usafi, kisha zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Rupia ya fedha ina gramu 11.66 na usafi wa 0.917, kwa hiyo fedha halisi ni kama gramu 10.7. Reale ya Maria Theresa ina gramu 28.07 na usafi wa 0.833, sawa na gramu 23.4 za fedha. Sarafu ya dhahabu ya Tabora, itakayoelezwa katika kidokezo cha 5, ina gramu 7.168 na usafi wa 0.750, yaani karati 18, na dhahabu safi ndani yake ni gramu 5.376. Kwa mfano, gramu ya dhahabu safi ikiwa shilingi 250,000, sakafu yako ni shilingi 1,344,000. Ulizia bei ya siku kabla hujatoka nyumbani.

4. Uzee peke yake si thamani

Reale ya Maria Theresa imeandikwa 1780, na ziko nyingi mno. Baada ya malkia huyo kufariki mwaka huo, Vienna na viwanda vingine viliendelea kuipiga kwa tarehe ileile, kwa kuwa wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na mwambao wetu waliiamini. Iliyopigwa juzijuzi bado inasomeka 1780, na nyingi kati yake huuzwa kwa bei isiyopita mbali ile ya fedha yake. Kinachopandisha bei ni uchache ukikutana na watu wanaoitafuta. Rupia moja ya Kampuni ni ya kawaida, lakini sarafu ya rupia mbili ilitolewa mwaka 1893 na 1894 tu, na wakusanyaji huigombania. Usomapo tarehe, isome kwa makini.

5. Mjue ndovu wa Tabora

Hii ndiyo sarafu ya Tanganyika ambayo wakusanyaji wa dunia nzima huitamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza ziliziba pwani, na koloni likaishiwa fedha taslimu. Wajerumani wakaichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, na kuipiga sarafu ya rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora mwaka 1916. Upande mmoja kuna ndovu aliyeinua mkonga mbele ya milima, na chini yake mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili kuna tai wa dola ya Ujerumani. Zilipigwa 16,198 tu kabla jeshi la Wabelgiji halijaingia Tabora mwezi Septemba mwaka huohuo.

Angalia pia nakshi iliyo chini ya maandishi upande wa tai. Kwenye sarafu 9,803 ncha ya nakshi hiyo inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Kwenye 6,395 inaishia chini ya A ya kwanza. Mnunuzi mzoefu ataliangalia jambo hilo mara moja, basi nawe ulijue kabla yake. Katika minada ya Ulaya na Marekani, ndovu huyu huuzwa kwa maelfu ya dola, mbali sana na bei ya dhahabu yake.

Kwa Tanga, weka matumaini mahali pake. Waingereza waliuteka mji huu mwezi Julai 1916, kwa hiyo dhahabu ya Tabora haikupata nafasi kubwa ya kuzunguka huku. Sandukuni kwako utarajie zaidi rupia ya fedha iliyolipia kazi ya reli na mashamba ya mkonge. Tena usichanganye: sarafu nyingi za heller 20 za Tabora za 1916 zilipigwa kwa shaba ya njano, mojawapo ya malighafi ikiwa maganda ya mizinga, na zikiwa safi hung'aa kama dhahabu.

6. Ipime kwa maji

Ndovu bandia ni wengi. Sumaku haitoshi, kwa sababu shaba nayo haivutwi na sumaku. Tafuta mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha kipimo kwenye sifuri, na uining'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Dhahabu ya karati 18 hutoa jibu la 15 hivi au zaidi kidogo, ilhali shaba ya njano hutoa 8 na ushee. Kwa ndovu wa kweli, mizani itasoma karibu nusu gramu; ikisoma 0.8, umeshika shaba. Jaribio hili haliikwaruzi sarafu, kwa hiyo mkatalie anayetaka kuikata au kuisugua kwenye jiwe lake.

7. Kagua hali yake kwa haki

Bibi zetu walizitoboa sarafu wakazivaa shingoni, au wakazitia kikonyo cha kidani. Ni pambo lenye historia na linastahili heshima, lakini tundu, alama ya kulehemu au ukingo uliochongwa hushusha sana bei ya mkusanyaji. Tazama sehemu zilizoinuka: manyoya ya tai, mashavu ya Kaiser, kichwa cha ndovu. Zikiwa zimelika, bei hushuka. Zikiwa kali kama mpya, bei huweza kupanda mara kadhaa.

8. Fuata bei zilizouzwa, si zinazoombwa

Mtu anaweza kutangaza rupia moja kwa milioni mia, na isinunuliwe milele. Ingia kwenye kumbukumbu za nyumba za minada mtandaoni, utafute sarafu ya aina, mwaka, herufi na hali kama yako, usome ilinunuliwa kwa kiasi gani. Chukua mauzo kadhaa, uache lililo juu kupita kiasi na lililo chini kupita kiasi. Kumbuka mnada hukata kamisheni. Kwa sarafu ya thamani kubwa, cheti cha kampuni za uthibitishaji kama NGC au PCGS, zinazoipa hali alama kuanzia 1 hadi 70, humwondolea mnunuzi shaka.

9. Iheshimu sheria, uwakwepe wanaouza ndoto

Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya kale. Ukikiokota, toa taarifa, na usikitoe nje ya nchi bila kibali. Kwenye magofu ya Tongoni usichimbe hata kwa kijiti. Ng'ambo ya mkondo, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na zimetufundisha historia yetu kwa sababu zilichimbuliwa na wataalamu mahali zilipolala. Na anayekuja na ramani ya "mali ya Mjerumani" akitaka ada ya kuanzia, mwonyeshe mlango.

10. Thaminisha kabla ya kugawa mirathi

Andika leo sarafu ilikuwa ya nani, alifanya kazi wapi na ilifikaje nyumbani. Piga picha pande zote mbili na ukingo, na uandike uzito wake. Maelezo hayo humpa mnunuzi imani, na huwapa warithi jambo la hakika la kujadili. Kisha waite wahusika wote, makadirio yakiwa mezani, kabla mmoja hajaichukua kwa bei ya gramu. Mkiamua kuiuza, kila mmoja apate fungu lake la haki. Mkiamua kuitunza, mtakuwa mnajua mnachokitunza.