Kabla Hujanunua HD 600



MZEE KOMBO: Kaa. Nimeambiwa unatafuta hedifoni za kumiksia.

NEEMA: Ndiyo, na nimeshaamua ziwe za Sennheiser, zile zilizo wazi nyuma. Ila orodha yao imenichanganya: HD 560S, 600, 650, 660S2, 490 Pro, 800 S. Nilidhani namba ikipanda, na ubora unapanda.

MZEE KOMBO: Ondoa hilo kichwani. HD 600 ilitoka mwaka 1997, na hadi leo wapo mafundi wanaoiamini kwa sauti ya mwimbaji kuliko HD 800 S, ambayo bei yake ni mara kadhaa. Wajerumani hao wanazijua hizi kazi tangu mwaka 1968, walipotoa HD 414, hedifoni ya kwanza kuuzwa ikiwa wazi nyuma. Kila moja waliyoiongeza baadaye ina tabia yake. Swali lako liwe: wewe unataka kusikia nini?

NEEMA: Kwanza nieleze huo uwazi wenyewe unasaidia nini.

MZEE KOMBO: Nyuma ya kiwambo kinachotikisika pana wavu, hapajazibwa. Sauti inayotoka upande wa nyuma inakwenda zake, hairudi kugonga sikio. Zikizibwa nyuma, unasikia kama mtu anayeimbia ndani ya mtungi, na ukimiksi unaanza kupunguza uzito ambao haumo kwenye wimbo. Lakini uwazi nao una gharama. Besi ya chini kabisa hupungua, na kelele za nje zinaingia zitakavyo. Kwako Sinza bodaboda zinapita dirishani, sivyo?

NEEMA: Mpaka usiku wa manane.

MZEE KOMBO: Basi hilo ni la kupima kabla ya bei.

NEEMA: Tuseme nimeliweza. HD 600 na HD 650 zinatofautianaje? Kwa macho naona ni ileile.

MZEE KOMBO: Umbo ni moja, na zote zina ukinzani wa omu 300. HD 650, ya mwaka 2003, ina joto zaidi. Besi imejaa kidogo, ukali wa juu umelainishwa. Tamu kusikiliza nyimbo saa nzima. HD 600 haikupendezeshi. Herufi “s” ya mwimbaji ikichoma, inakuchoma na wewe. Weka taarabu ya zamani, sikiliza fidla zinapopanda juu ya ganuni, utaona ile 600 inazitenga wazi zaidi. Kwa kumiksi, mimi nasimama na 600.

NEEMA: Na hizo nyingine?

MZEE KOMBO: HD 800 S ina spika kubwa ya milimita 56 iliyowekwa mbali na sikio kwa mshazari, kwa hiyo ala zinatandazwa kwa upana wa ajabu. Nzuri kwa okestra. Kwa biti zako, upana huo unaweza kukudanganya ukadhani ala zimeachana kumbe zimebanana. HD 660S2 ilitengenezwa kushuka chini zaidi kwenye besi kuliko 660S iliyoitangulia. HD 490 Pro, ya mwaka 2024, inakuja na sponji za aina mbili, moja ya kutengenezea na moja ya kumiksia, na kila moja inabadilisha mlio. HD 560S ndiyo nafuu, na inashuka chini kuliko 600. Ukimiksi amapiano, ile besi ya chini kabisa utaisikia vizuri zaidi humo.

NEEMA: Rafiki yangu alizijaribu 560S na 600 kwenye simu, akasema 600 imelala.

MZEE KOMBO: Hapo hakulinganisha hedifoni, alilinganisha nguvu ya simu. Yenye omu 300 inadai volteji kubwa, 560S ina omu 120, inalia kirahisi. Na sikio la binadamu linaisifu iliyo na sauti kubwa hata kama tofauti ni ndogo tu. Zichomeke kwenye saundi kadi yako, punguza ile inayolia zaidi mpaka zote ziwe sawa, ndipo uhukumu. Tumia wimbo mmoja, kipande kifupi, ubadilishe haraka, maana kumbukumbu ya sauti haikai.

NEEMA: Kwa hiyo amplifaya yoyote yenye nguvu inatosha?

MZEE KOMBO: Hapana, na hili wengi hawalitazami. Hizo omu 300 si sawa kwenye masafa yote. Upande wa besi, HD 600 na 650 hupanda mpaka zikapita 450. Ukizichomeka kwenye amplifaya yenye ukinzani mkubwa wa kutolea, besi inavimba yenyewe, na wewe utaipunguza kwenye miksi bila sababu. Tafuta yenye ukinzani mdogo.

NEEMA: Na za mtumba je? Nimeona 650 kwa bei ya kuvutia.

MZEE KOMBO: Tazama sponji kwanza. Zikilala, sikio linasogea karibu na spika na mlio unageuka, ukaihukumu hedifoni kwa kosa la sponji. Uzuri wa ukoo huu ni kwamba waya unachomoka, sponji zinabadilishwa, kwa hiyo ya zamani inaweza kufufuliwa. Hesabu gharama ya sponji mpya ndani ya hiyo bei.

NEEMA: Nikupe kazi ya mwisho. Ungekuwa mimi, ungechukua ipi?

MZEE KOMBO: Kama saundi kadi yako inazibeba omu 300 bila kufikishwa mwisho, chukua HD 600, halafu besi ya chini uihakikishe kwenye spika. Kama haiwezi, chukua 560S, pesa inayobaki itengeneze chumba. Na mwimbaji akisimama mbele ya maikrofoni mvalishe zilizofungwa, kwa sababu hizi zitavujisha biti yote ndani ya rekodi.